Taa Zangu na Redio za Kijiji Kizima

Geita, Ijumaa jioni

Kaka yangu Salehe,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa mzima, alhamdulillahi, na nina hamu ya kujua kama nanyi huko Tanga mnaendelea vizuri. Goti la Mama linasemaje? Na shemeji, ambaye barua yako ilisema siku zake zimekaribia, ameshajifungua? Kama tayari, jibu lako lianze na jina la mtoto, mengine yafuate.

Mimi afya ninayo. Nisicho nacho ni uso wa kumtazama mtu. Uliniuliza zile taa mbili za studio ulizonitumia zinafanyaje kazi, nami nimekaa kimya mpaka umeanza kudhani nimeziuza. Sikuziuza. Nilikuwa naona haya kukujibu, na hata sasa naona haya. Nimejifungia humu nyuma ya duka la fundi cherehani, ndiyo studio yangu, na sitoki mpaka niimalize barua hii.

Taa hazina kosa. Nilifuata maneno yako: huku umeme hakuna, basi nikatoa balbu za ukutani nikaweka za gari, na nguvu nikawa nachukua kwenye betri ya lori. Ulisisitiza sana hapo. Betri ya lori, ulisema, hata ikiumiza mgongo. Nilipata moja kuukuu kwa jamaa wa gereji, naye hunichajia. Inawasha taa zote mbili kwa saa nyingi bila kulalamika. Tatizo ni kuisafirisha. Mara ya kwanza niliipandisha juu ya basi, ikalala ubavu, asidi ikamwagika kwenye gunia la dagaa la mama mmoja wa Nkome, na suruali yangu ya Idi ikawa chekeche. Yule mama alinisema njia nzima, na abiria wote wakawa upande wake.

Tangu siku hiyo nikaichukia ile betri, na nikajifanya mjanja. Nikawaza kwamba redio inatumia betri kavu, tochi inatumia betri kavu, kwa nini taa zangu zisitumie? Nikapasua mianzi, nikatengeneza mifereji ya kuzipangia betri moja nyuma ya nyingine, na mistari kadhaa pamoja ili zisaidiane. Nilijaribu hapa studio kwa muda mfupi tu, taa zikawaka, nikajisifu mwenyewe. Zinadumu kwa muda gani, sikupima. Nilifurahi mno kuona mzigo umekuwa mwepesi.

Sasa sikiliza. Kuna mzee anaitwa Masanja, ana shamba la pamba nje kidogo ya Buseresere. Alinifuata hapa Geita kwa ajili ya picha moja. Dada yake mkubwa, Minza, ndiye aliyetoa ng'ombe wake ili yeye apate bati na saruji ya kujengea nyumba. Nyumba ikaisha, lakini dada akawa amelazwa Mwanza, hajawahi kuingia ndani yake. Mzee alitaka picha ya sebuleni, familia yote imekaa, ili ampelekee kitandani aione. Nikamwambia dirisha lake likiwa dogo tutahitaji taa. Akauliza nitaziwashaje kijijini. Kaka, ningeweza kusema nitakuja na betri yangu. Badala yake nikasema, "Mzee, wewe wakusanye wenye redio mniazime betri. Taa zangu hazili sana, jioni kila mtu atarudishiwa yake."

Unajua betri kavu zilivyo adimu siku hizi. Dukani ukiuliza unachekwa. Watu wanazitumia mpaka sauti inafifia, kisha wanazianika juani zipate joto, wanazirudisha tena. Na bado walinipa. Mama Kulwa, mke wa Mzee, alipita nyumba hadi nyumba na ungo, akarudi umejaa. Hakuna redio iliyobaki na betri kitongoji kizima. Jirani mmoja tu aliuliza, "Kwani ikifika saa ya matangazo?" Mzee akamjibu, "Huyu kijana ni fundi, kashasema jioni tutazipata." Nami nikatikisa kichwa kama fundi.

Picha ilikuwa kazi ya dakika chache. Mzee alikaa katikati na koti lake, Mama Kulwa kando yake, wajukuu chini kwenye mkeka, vitambaa vyeupe kwenye viti vyote. Mzee aliitaka redio yake nayo ionekane, akaipakata mapajani na kuivuta antena juu. Nikapiga picha tatu, na hapo ilinipasa kuzima.

Sikuzima. Watu walikuwa wamejaa mlangoni na dirishani kutazama taa, watoto wakishangaa vivuli vyao ukutani, na wote walikuwa wakiniita fundi. Nikaanza maonyesho. Nikageuza taa huku, nikageuza kule, nikamulika dari, nikawaita wazee wakae kwenye kiti waone wanavyong'aa, na kamera haikuwa tena na filamu. Ule mwanga mrefu ulikuwa wa kujionyesha tu, na hilo ndilo linalonichoma. Taa zilipoanza kuwa nyekundu ndipo nikashtuka, na nilipozitoa betri kwenye mianzi zilikuwa zimekufa.

Jioni ile zilirudishwa kwenye redio, hazikutoa hata mkoromo. Hakuna aliyenigombeza. Mama Kulwa alisema kesho jua likitoka atazianika. Walinipa ugali na samaki, nikalala kwao na nikalala vizuri, na hilo nalo naliona aibu.

Asubuhi betri zote zilikuwa juu ya bati zimepangwa kama mihogo. Sisi tulikaa nje tukicheka habari za vivuli. Alasiri akaja mtu kwa baiskeli, mpima pamba wa kijiji cha pili. Alishuka taratibu, akavua kofia. "Mwadila," akasalimu. Wakaitikia. Kisha akasema, "Mzee, pole sana na msiba."

Mzee akatabasamu kwa adabu. "Msiba wa nani tena, bwana?"

Yule mtu akatutazama mmoja mmoja. "Hamkusikia? Jana jioni, kwenye matangazo ya vifo. Dada yako Minza. Walikutaja jina, habari zikufikie popote ulipo. Maziko leo saa saba, kwa mume wake Sengerema. Nilijua mmekwenda, nimepita tu kuwapa pole waliobaki nyumbani."

Saa saba ilikuwa imepita. Kama angesikia jana, angepanda basi la alfajiri na kumzika dada yake. Mzee aliinua macho akatazama zile betri juu ya bati, akazitazama muda mrefu, na kwangu hakugeuka hata mara moja. Mama Kulwa aliangua kilio, majirani wakaanza kuja, na kila aliyekuja alikuwa ni mtu aliyeniazima.

Nilipiga magoti nikamwambia Mzee kosa ni langu. Akasema, "Simama, mwanangu. Umekuja kwa kuitwa." Afadhali angenitukana. Kisha akaniambia, "Ile picha uitengeneze. Mwenyewe hakuiona nyumba, wanawe wataiona."

Nimeitengeneza. Imetoka safi kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga, na imekaa hapa mezani kwa wiki kadhaa kwa sababu siwezi kwenda. Leo nimekata shauri. Jumatatu ninapanda basi na ile betri ya lori nikiwa nimeipakata, imesimama wima, nitamwachia Mzee iwe yake. Fundi wa gereji amenionyesha jinsi ya kuchukua nguvu ya nusu moja tu ya betri isiunguze redio. Itamsikilizisha miezi. Ikiisha nitakwenda kuichukua, niichaji, nirudishe. Kuhusu kazi zangu za nje, nitapiga picha za juani mpaka nipate betri nyingine.

Mama usimsomee barua hii. Yeye kila jioni anawanyamazisha watoto matangazo yakianza, ataniuliza ningejisikiaje ingekuwa ni jina lake.

Nisalimie shemeji, umbusu mtoto kama amefika. Msalimie shangazi mwuza maandazi, na mjomba wa bandarini mwambie deni la barua yake nalikumbuka. Mama mpe shikamoo yangu na umwambie nakula vizuri.

Nakala ya picha nimeiweka ndani ya bahasha hii. Najua desturi yako, kila kazi yangu nzuri unaitundika dukani na kuwaambia wateja ni ya mdogo wako. Hii nakuomba usiitundike. Watu watamsifia Mzee na redio yake, na watadhani ilikuwa inasema.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi