Mtani Asome Vibaya

Nandom, 4 Januari

Mtani wangu Akolgo, mla vichwa vya mbwa,

Salamu nyingi. U mzima? Wajukuu hawajambo? Huku upepo wa jangwani umetukausha midomo, na kifua changu ndicho hicho. Daktari ameacha kunidanganya, basi nami niache kudanganya.

Sikia ungamo. Maisha yangu yote nimesema Kifrafra ni lugha ya kanga, wale ndege wa kelele. Lakini Felisita wangu alipofariki, Zaburi za Kidagaare hazikuwa tayari, nikafungua zako. Mungu alinifuta machozi kwa lugha ya kanga. Nataka watu wangu wafutwe machozi kwa lugha yao kabla sijaondoka.

Kazi ya kutafsiri imekwama, ndugu yangu. Unamkumbuka Padre Lucien, aliyetuanzisha sote wawili? Aliwasomea watu wa uwanja wetu tafsiri, Kidagaare chake kama cha mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Wanawake walimcheka, wakamsahihisha, naye akacheka nao, akafuta, akaandika upya. Mtu mwenye elimu yote ile alikubali kuwa mtoto mbele yetu mpaka akaota mvi. Tangu tumzike nasoma mimi, nao wananijibu, "Ni sawa, mzee." Nimejaribu kukosea makusudi. "Ni sawa, mzee." Heshima yao itaniua kabla ya kifua.

Wewe hawakuheshimu. Njoo uwasomee.

Mtani wako,
Bemile


Bolgatanga, 19 Januari

Bemile, mtumwa wangu,

Pole sana na kifua. Sisi wazima, ila magoti yangu yanalia kama mlango. Ungamo lako nimemsomea mke wangu, akasema nilirudie. Ameita majirani.

Nakuja na basi la Alhamisi. Usife kabla sijafika, utanipotezea nauli. Na huyo mbwa awe mnene.

Bwana wako,
Akolgo


Nandom, 2 Machi

Mtani,

Salamu. Ulifika salama? Magoti yanasemaje? Mimi sasa hata kalamu ni mzigo, kwa hiyo nitasema machache.

Tangu uondoke uwanja wetu haujatulia. Bibi Perpetua bado anakuigiza akikoroga pombe ya mtama, kisha anakukaripia kama siku ile: "We Mfrafra! Mchungaji gani anaita kondoo hivyo? Huyo mwizi wa mifugo! Sisi tunasema hivi..." Hakujua kwamba ulisoma sawasawa nilivyoandika. Kosa lilikuwa langu. Nililisahihisha pale pale kwenye mkeka wangu, nikacheka hadi nikakohoa, na kwa mara ya kwanza tangu Padre afariki nikasikia Zaburi ikiongea kama sisi.

Zimekwenda kwa mpiga chapa jana. Kitabu sitakiona. Si neno, wanawake wanaimba maneno yale wakitwanga.

Sasa la mwisho. Wakikuita mazishini, fanya ya watani: lala mahali pangu kama maiti, dai kanga wako, wachekeshe waliofiwa, na usilie, maana mtani halii. Kisha simama uwasomee ile ya mchungaji. Nimekuwekea nakala chini ya mto wangu.

Ila nakuomba, usijifunze kuisoma vizuri. Soma vibaya, kama kawaida yako. Nataka uwanja mzima ukusahihishe.

Mtani wako,
Bemile