Mume wa Chupa Namba Kumi na Tisa

Dada yangu mpendwa,

Salamu tele zikufikie wewe na mama mkiwa wazima, na goti lake likiwa limetulia. Mimi mzima wa chuma. Bahati imenipenda mpaka naona aibu: nimepandishwa cheo hapa makumbusho! Mimi niliyeishia darasa la sita, maprofesa wananiomba ruhusa kutazama samaki wangu.

Umeandika kwamba Ijumaa mnarudisha funguo za chumba, mje tuishi wote. Kabla hujafunga mizigo, nikupe habari za samaki mmoja.

Huyu huishi zaidi ya kilomita moja chini ya bahari, jua lisikofika. Mweusi tii, mdomo wazi kama mkoba wa shangazi, na usoni ana kijiti chenye taa. Visamaki vikiifuata taa, kwisha habari yao. Tunaye mmoja tu, kwenye chupa ya spiriti, namba kumi na tisa.

Mwezi uliopita mkuu wetu, mama mmoja mkali, aliniagiza nimsafishe kwa brashi, kisu nisiguse. Nikaona tumboni kananing'inia kanyama, kadogo kama kidole gumba. Nikasema huyu kupe, na bingwa kama mimi nitamwachaje? Nikakakata.

Mkuu alipoona, alivuta kiti akakaa. Akanieleza kwamba yule alikuwa mume. Dume akimpata jike kule gizani humng'ata asimwachie tena. Nyama zinaungana, damu inakuwa moja, na macho yake yanapotea kwa kukosa kazi. Nikamtania kwamba mashemeji wa namna hiyo nawajua. Hakucheka.

Tukakarudisha kale kamume chupani, kakazama chini. Asubuhi nilikakuta kamegandia tumboni, palepale penye jeraha. Nikatikisa chupa, kakaanguka. Kesho yake kapo palepale. Siku nane, dada, na mfuniko umezibwa kwa nta! Siku ya tisa sikutikisa. Nilikaomba radhi, mtu mzima mimi, nimeinamia chupa.

Mchana wake nikapewa barua ya kufukuzwa. Sasa nalala kwa fundi viatu, sakafuni, kati ya viatu vya watu. Nikifumba macho nakaona, bila macho, kanapapasa njia ya kurudi.

Funguo msirudishe. Hapa hakuna nyumba. Mniachie ile nafasi yangu ya kulala mlangoni, njia naijua.

Mpe mama pole ya goti, na majirani wote wasalimie. Wakiuliza kuhusu cheo changu, waambie ukweli: nilidanganya.

Mdogo wako,
Bingwa