Klachi ya Pemba na Jicho la Mama

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Klachi inateleza! Hii hii niliyofungiwa Pemba, yetu ya bara, sio ya kisiwani, mwezi wa sita. Leo kwenye mchanga wa kijiji cha Mute nakanyaga mafuta, injini inalia, gari halisogei. Harufu ya kuungua tupu. Na kule dukani waliniapia: peça, yaani kipuri, sio orijino, lakini ngumu kuliko orijino, garantia mwaka mzima, ikifa wanabadilisha. Ngumu! Washenzi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepiga simu dukani. Dada wa kaunta anasema garantia ipo, nisiwe na wasiwasi, nipeleke gari Pemba. Ila fundi mwingine asilifungue. Wamepaka rangi nyekundu kwenye bolti za giaboksi. Ikitoka, garantia imekufa. Sasa Pemba nifike na nini? Nikamwuliza kama koluna anaijua, ule msafara wa magari unaolindwa na wanajeshi. Eti hayo ni mambo ya barabara, sio ya duka.
Gari likifia kwenye koluna linasukumwa pembeni, wenzako wanapita. Na Jumatatu Mama anapasuliwa jicho la kushoto huko huko Pemba. La kulia limeshazima. Daktari mwenyewe ni mgeni, Jumanne anaondoka. Mungu wangu!

Jumatano, 6 Agosti
Nurdine, fundi wetu hapa Palma, kalala chini ya gari bila kugusa kitu. Anasema dada Celeste, niruhusu nifungue, nione. Nikamwambia ukigusa hiyo rangi tutagombana mpaka kiama. Kacheka. Mimi sicheki. Usingizi sina.

Ijumaa, 8 Agosti
Luís! Huyu mume nitamfanya nini? Kaosha gari. Kwao Mueda huwezi kumpeleka mgonjwa mjini na gari la matope, watu watasema hana wenyewe. Basi kachukua dizeli na brashi, kaingia mpaka chini, kasugua giaboksi linang'aa. Na rangi? Eti uchafu wote umetoka, hata ule mwekundu!
Nimekaa mchangani nikalia. Halafu nikamtukana yeye na ukoo wake. Anauliza, kwani nimekosa nini?
Haya, garantia imekufa, Nurdine afungue. Kafungua. Sahani ya klachi imelika mpaka chuma. Palma nzima tumezunguka, tumepata moja tu — boksi lile lile, jina lile lile. Muuzaji anasema ina garantia mwaka mzima. Nimeichukua. Ningefanyaje?

Jumapili, 10 Agosti
Mimi na Mama tumesimama koluna inapoanzia, wanajeshi wanapanga magari. Mchanga wa jana, tulipotoka Palma, ulikuwa mbaya. Harufu imerudi. Nurdine alisema mpya hunukia kidogo mwanzoni. Kidogo kiasi gani? Mama kaniuliza kinachoungua nini. Nikasema lori la mbele. Nimemdanganya mama yangu.
Naogopa jamani!
Mwenye lori la mbele, mzee Mussagy, kasikia injini yangu ilivyolia. Kaja. Anasema kwenye kabini ana nafasi ya mtu mmoja, nimpe mama, atamfikisha hospitali kama mamake mwenyewe. Mama kakataa. Hapandi bila mwanawe. Nikamwambia, Mama, jicho halinisubiri mimi. Nimemshika mkono, nimempandisha, kifurushi chake nimemwekea mapajani. Karatasi ya daktari kaichukua mzee.
Sasa naandika peke yangu. Mama katoa kichwa dirishani, ananiita. Uso kauelekeza kwenye gari la watu wengine. Nimepiga honi, ajue niko wapi.
Huko mbele wanawasha magari.