Kikapu Nilichomnyang'anya Mwalimu wa Bayolojia

Wakesho mpwa wangu, hamjambo hapo Njukini? Huku Kasigau jua ni kali, na ndovu wakiniona wananipisha njia.

Sasa sikiliza! Sokoni nimeshika kikapu cha mkonge, cha mwisho, nikuletee wewe. Kumbe mwalimu mmoja wa bayolojia kakishika upande wa pili, na haachii!

"Mzee," akasema, "jibu swali ukichukue. Ndani ya jani kuna vijumba vya kijani, kloroplasti. Protini zake nyingi hutengenezwa nje. Zinafika mlangoni na kibandiko cha kuzitambulisha, lakini mlango ni mwembamba. Zinapitaje?"

Watu wakajaa. Nikatazama kikapu. "Mwalimu, hata hiki hakipiti tundu la kufuli. Kifumue kiwe uzi, kitapita, halafu ukisuke tena ndani."

"Na kibandiko?"

"Kimeshamaliza kazi. Kata, tupa!"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Ndivyo hasa protini zinavyopita! Chukua, baba, chukua!" Soko zima likapiga makofi, mbuzi nao wakalia.

Kikapu ni chako, ubebee vitabu. Mungu akutunze, na mamako umkumbatie kwa niaba yangu.

Mjomba wako Mwakio, ambaye Kasigau nzima sasa inamwita Profesa