Migongo ya Abiria

Jumanne, 14 Oktoba 1997. Kakuma

Nyandeng, mwenzangu wa kazi, anakwangua manyoya ya ngozi ya mwisho. Mimi nashona ile ya jana juu ya fito. Ikikauka tutachomoa fito, libaki ganda tupu. Mikono inanuka mbuzi hata baada ya sabuni.

Sanamu zetu ni maganda marefu, hayana uso wala mikono. Hakuna msumari. Kila moja linaegemea jingine. Ondoa moja, yote chini. Ndivyo ninavyowaona watu tangu nirudi kutoka chuoni Nairobi.

Msimamizi wa kambi alipita. Anataka kibanda chetu cha kazi kiwe ghala la mahindi. Maganda yakisimama yenyewe ukumbini Lodwar Jumatatu, mbele ya wageni wa sikukuu, sisi wanawake tutabaki nacho. Yakianguka, basi. Akanishauri nitie chuma ndani. Sitatia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Yamekauka. Ukiyagonga yanalia kama debe. Tumeyasimamisha. Yamesimama!

Nyandeng hazungumzi juu ya safari yake, nami huuliza mno. Leo alisema mwenyewe: alitembea kutoka Sudan akiwa ameshika shuka ya mama asiyemjua jina. Kisha akaokota kisu, akaendelea na kazi.

Jumamosi, 18 Oktoba. Njiani

Mvua. Ya kwanza kwa muda mrefu, na imechagua leo. Laga, mto mkavu unaokata barabara ya Lodwar, imefurika, maji mekundu yanabeba miti mizima. Hakuna kuvuka. Turubai la lori limepasuka. Ngozi zimelowa, zimelegea kama nguo chafu. Fito za kuziunda upya ziko kibandani.

Nililia mbele ya wote. Abiria wenzetu wa lori walikuwa wanacheza matopeni. Mama mmoja Mturkana, muuza makaa, akanifokea: "Wewe msichana nalilia mvua? Unataka Akuj achukue tena?"

Haya ilinishika. Kwetu Waturkana, Akuj, Mungu, akileta mvua haililiwi. Nimesoma mpaka nimesahau.

Lakini nawachukia wote wanaofurahi. Nimeandika, sifuti.

Jumapili, 19 Oktoba. Bado kwenye laga

Jua kali, upepo. Maji hayajapungua.

Asubuhi muuza makaa alisikia baridi. Akachukua ngozi yangu moja, akajifunika mgongoni kama bibi zetu walivyovaa, akaketi. Bila kuomba. Nilikasirika. Nikaenda zangu kando ya maji.

Niliporudi alikuwa anasinzia. Ngozi imeanza kukauka. Imeshika mgongo wake wote: bega lililoshuka upande mmoja kwa magunia, mafundo ya uti wa mgongo.

Ganda, bila fito. Nikamsihi asiinuke. Akadai tumbaku kwanza. Dereva wetu Abdi, Msomali wa Lodwar, akampa.

Nyandeng akaita wengine. Tukawaketisha wawili wawili, mgongo kwa mgongo, wasichoke kabla ngozi hazijakauka. Abdi akagoma.

"Dada, mimi nibebe mbuzi wako, halafu nivae mbuzi?"

"Kaa, mzee," Nyandeng akamwambia. "Hii mbuzi nanuka kidogo kuliko lori yako."

Walicheka hadi ngozi zikateleza. Abdi akakaa, ameegemeana na kijana wa Kidinka mrefu kama mlingoti. Wengine walisali, wengine walilala. Nilipita nikikaza, nikibonyeza, nikiwaomba radhi. Hakuna aliyeinuka.

Jumatatu, 20 Oktoba. Lodwar

Maji yalishuka alfajiri. Tumefika ukumbi umeshajaa.

Si maumbo niliyochora. Yamepinda, mabega hayalingani. Tuliyaegemeza jinsi watu walivyokaa. Nikaachia.

Yaliyumba. Nyandeng alinishika kiganja. Yakasimama.

Msimamizi aliinama, akachungulia ndani, akitafuta chuma. Akauliza hawa ni akina nani. Nikasema, abiria. Akayazunguka tena, taratibu. Kibanda ni chetu.

Nina furaha. Naogopa kuiandika kwa herufi kubwa.

Alhamisi, 23 Oktoba. Lodwar

Ukumbi mtupu. Nyandeng amerudi Kakuma na Abdi, ameshaniagizia ngozi nyingine.

Muuza makaa aliingia nikifagia. Tukasalimiana, ejok, ejok. Alitafuta mgongo wake, akaujua kwa lile bega, akaupapasa. Kisha akaenda upande wa pili, akaketi sakafuni, akaegemea ganda la mgongo wa Abdi. Ganda lilisogea kidogo, likatulia. Akatoa tumbaku yake.

Nikafagia kumzunguka.