Nimekataa Kusimama Kulia kwa Royce

Mtaa wa Wabash,
Tellerton, Indiana.
Tarehe 19 Februari.

Mpendwa Wendell,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo, mwanangu? Kifua kimepona? Baridi ya huko Alaska isikufanye uache kula. Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Mama yako mkubwa Opal naye hajambo, ingawa wiki hii hazungumzi nami sana; sababu utaiona.

Leo asubuhi niliondoa theluji kibarazani, nikaingia ndani, kisha nikatoka tena kuiondoa pale palipokwisha kuwa safi. Situlii. Naandika kwa sababu barua huwezi kuikata katikati kama unavyokata simu zangu.

Chuo chetu cha Harlow wanacheza vibaya. Wanarusha mpira kutoka mbali kama watu wanaofukuza kunguru, kisha wanashangaa hauingii kikapuni. Vijana wanahama chuo kila mwaka kama wapangaji. Nikishajifunza majina yao, wameondoka. Kocha mpya anapiga kelele vizuri, lakini ulinzi haupangi.

Timu ya kulipwa ya Indianapolis siitazami kabla ya robo ya nne, kwa kuwa nao hawachezi kabla ya robo ya nne. Mchezaji anatembea na mpira atakavyo, refa anamtazama tu. Sheria isiyofuatwa ifutwe.

Sasa nataja jina usilotaka kulisikia. Wapinzani wetu, chuo cha Breckner, wanacheza mpira wa kikapu ulio sahihi, na anayewaongoza ni mwanao. Royce ndiye pekee katika jimbo hili anayekunja magoti akilinda. Nimekwenda kumwona kwa macho yangu katika ukumbi wao wa kijani, nikiwa nimevaa koti la kijivu, si la rangi yao.

Kesho yake Merle kinyozi alinipokea kwa sauti ili wote wasikie: “Ee, mzee Orville! Umeonekana kwa wale wa kijani! Nyumba utaipaka kijani lini?”

“Nilikwenda kumtazama mtoto wetu, sikwenda kutazama kuta.”

“Ndivyo alivyosema shemeji yangu. Sasa ana kofia yao na soksi zao!”

Walicheka mpaka wembe ukasimama.

Jumapili Royce alikuja kula kwetu. Tarehe mosi Machi, Jumamosi mchana, ni mchezo wake wa mwisho nyumbani, na wachezaji wa mwaka wa mwisho wa masomo wataagwa. Desturi unaijua: jina linasomwa, mchezaji anatembea hadi katikati ya uwanja na wazazi wake, mama anapewa maua, ukumbi mzima unasimama.

“Babu,” aliniambia, “Mama atakuwa kushoto kwangu. Wewe utasimama kulia?”

“Baba yako umemwuliza?”

“Nimwulize nini, Babu? Si alisema hatakanyaga pale?”

Ulilisema hilo mezani kwangu, siku alipochagua Breckner badala ya Harlow, na miaka hii yote umelitimiza. Kijana hakulalamika. Alilisema kama mtu anayesoma matokeo ya mchezo.

Nilimkatalia. Nilimwambia nafasi ile ina mwenyewe. Alisema, “Sawa, Babu,” akaosha sahani yake, akaondoka. Opal akanigeukia: “Wewe na Wendell mna ukaidi mmoja. Anayeumia ni mtoto.”

Timu za kulipwa hazitamchukua. Ni mfupi, naye anajua. Amekwisha kupata kazi ya kufundisha sayansi. Baada ya msimu huu hutapata tena nafasi ya kumwona akicheza, wala hakuna siku nyingine atakayotembezwa mbele ya watu na wazazi wake.

Endelea kuwachukia Breckner. Nami nawachukia, na siku hiyo nitaomba wafungwe vibaya, ilimradi pointi zao zote azifunge Royce. Vaa shati jekundu la Harlow ukitaka. Mwanao hajasema uvae kijani. Nijulishe tu ndege yako, nitakuja kukupokea Indianapolis.

Usipokuja, mimi nitaketi jukwaani na Opal, na jina la Royce litakaposomwa sitashuka. Nimekwisha kusema, nawe unajua huwa sirudi nyuma. Lakini nakuambia wewe peke yako, Wendell: kila nikimfikiria akitoka pale na upande mmoja mtupu, nasimama hapa nilipo, na sijui nitawezaje kubaki nimeketi.

Denise, mama yake Royce, anakusalimu, amenunua viatu vya siku hiyo. Shangazi yako Fern anakusalimu pia, na Merle, ambaye anasema nywele zako huko lazima zimekuwa msitu. Mungu akulinde kazini na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Ni mimi, baba yako mkubwa akupendaye,
Orville