Ufunguo kwa Asiye na Gunia

Jumatatu, wiki ya kwanza ya Novemba. Ni mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke Musoma.

Mpendwa dada Nyangeta,

Jalada la mwisho mezani kwangu kabla ya kustaafu limenirudisha kwako. Kazi yangu uliijua: kusoma maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, na kuamua kama uvumbuzi ni mpya, au ni jambo dhahiri kwa fundi yeyote wa kawaida. Kampuni moja inaomba hataza ya programu ya kulinda kumbukumbu. Anayetaka kufungua kumbukumbu lazima aruhusiwe na mtu asiye na kumbukumbu yake humo. Huyo naye akiweka yake, uwezo wa kuruhusu unamtoka papo hapo. Niliandika "dhahiri" kabla sijamaliza ukurasa wa pili.

Akilini nililiona tena banda la kuhifadhia dagaa la akina mama pale Kiriba. Kuna waliokuwa wakiingia na kubadilisha gunia lao la dagaa wenye mchanga kwa la mwenzao la dagaa safi, walioanikwa kwenye wavu. Mimi, kidato cha tatu, nikashauri kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. Msimu ule wenye funguo wote wawili wakala njama na kubadilisha pamoja.

"Msomi wetu," ulinicheka mbele ya watu, "umemtafutia mwizi mwenzake."

Kisha ukasema ufunguo ashike asiye na gunia ndani. Mama akaguna. "Asiye na kitu atalinda nini?"

"Atalinda vizuri, mama. Hana cha kubadilisha."

Tangu hapo, mshika ufunguo akitaka kuleta gunia lake, alikabidhi ufunguo kwanza.

Nikitoa hataza, wazo ulilowapa watu bure litakuwa na mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Nikampigia binti yako, yule wa Nyasho, kuuliza kama yupo wa kutoa ushahidi kwamba banda lililindwa hivyo.

"Mjomba, hayo yalikuwaga zamani. Siku hizi kila mtu na kufuli lake. Wanaokumbuka umebaki wewe tu."

Mkaguzi hawezi kuwa shahidi katika jalada lake. Na hata ningempata shahidi, fundi wa kompyuta hatafuti jibu kwenye banda la dagaa. Mtego wa kazi hii ni kulijua jibu kwanza, kisha kuona njia zote zilielekea huko. Nyaraka zote za uvumbuzi uliotangulia zinasema nilichosema mimi: ruhusa ya watu wawili. Nilikuwa na shule, tatizo lilikuwa mbele ya macho yangu, na sikuona. Uliona wewe. Jambo dhahiri lisingenishinda hivyo.

Nimefuta neno langu. Leo asubuhi nimeidhinisha. Sina furaha wala kinyongo. Kwa kuwapa wao hataza nimekiri kwamba siku ile ulinizidi, na ilifaa ulisikie hilo ungali hai.

Binti yako anauliza kama nikistaafu nitajenga Mwisenge au Kiriba. Nimemwambia viwanja vyangu vya huko wagawane yeye na wadogo zake. Niliyetaka kukaa naye tuyazungumze haya hayupo tena. Sitarudi.

Mdogo wako